Mchango kwa maveterani wasio na makazi: shirika kubwa, shirika la mjini, au mtu mmoja mtandaoni?

Kila ikikaribia tarehe 11 Novemba, Siku ya Maveterani hapa Marekani, kwenye vikundi vya WhatsApp vya jumuiya zetu huzuka hoja ileile. Mtu anaweka picha ya mzee aliyeketi chini ya daraja, kibao cha boksi mkononi kikisema alikuwa jeshini, kisha anauliza: jamani, sisi hatuwezi kuchangia chochote? Watu huitikia haraka, na wengi hutoa. Ugumu huanza pesa zikishapatikana, pale mweka hazina anapouliza zipelekwe wapi na kila mjumbe ana jina la shirika aliloliona kwenye tangazo la televisheni.

Jambo hili linatugusa moja kwa moja. Vijana wetu wengi wamevaa sare za nchi hii. Kati ya mwaka 2009 na 2016 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliowaandikisha wahamiaji wenye viza za muda kwa ajili ya utabibu au lugha wanazozijua, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Wengine waliingia jeshini kwa kadi ya kijani. Baadhi yao sasa wametoka, na si wote waliotoka salama.

Nimeshiriki kamati za michango ya namna hii, na nimefikia kuwa na kipimo kimoja ambacho ndicho nitakachotumia kulinganisha hapa: dola hii inamsogeza mtu kiasi gani kuelekea mlango ambao ufunguo wake anao mwenyewe? Chakula ni chema na blanketi ni jema, lakini mtu aliyelala nje jana akila leo bado atalala nje usiku. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mashirika, tuelewe kwanza mlango huo unafunguliwaje, maana sehemu kubwa ya gharama yake tayari inalipwa na mtu mwingine.

Serikali inalipa nini, na inaacha nini

Kila mwaka mwishoni mwa Januari miji ya Marekani hufanya hesabu ya watu wasio na makazi. Mwaka 2010 hesabu hiyo ilikuta maveterani zaidi ya 74,000. Januari 2024 walikuwa 32,882. Ukumbuke kwamba katika hesabu hiyohiyo ya 2024, jumla ya watu wote wasio na makazi ilifika 771,480, idadi kubwa kuliko zote tangu hesabu hizo zianze, baada ya kupanda kwa asilimia 18 ndani ya mwaka mmoja. Wakati watu wengine wanazidi kumwagika barabarani, maveterani walikuwa wanapungua. Kundi hili limewekewa fedha na utaratibu ambao makundi mengine hayajapata, na hilo ndilo lililoleta tofauti.

Kiini cha utaratibu huo ni vocha ya HUD-VASH. Ilikuwepo tangu miaka ya 1990 kwa kiwango kidogo, ikapanuliwa sana kuanzia 2008, na tangu hapo zimetolewa vocha zaidi ya 100,000. Wizara ya nyumba inatoa vocha ya kodi, na idara ya maveterani, VA, inatoa ofisa ustawi wa jamii wa kumfuatilia mtu: dawa, ushauri, miadi, pombe kama ipo. Veterani analipa takriban asilimia 30 ya kipato chake na vocha inalipa kodi iliyobaki, ndani ya kiwango kilichowekwa kwa eneo lile.

Chukua mfano wa hesabu. Mtu ana kipato cha dola 900 kwa mwezi na amepata chumba cha dola 1,200. Yeye atalipa dola 270, vocha italipa 930. Kwa mwaka ni dola 11,160, na mwaka unaofuata tena, mradi bado anastahili. Hakuna jumuiya yetu hata moja inayoweza kumlipia mtu mmoja kiasi hicho mwaka baada ya mwaka. Wala hatuna haja ya kujaribu.

Kinachotuhusu ni yale yanayozuia vocha isitumike. Mtu anaweza kuwa na vocha mfukoni na bado akalala kwenye gari. Mwenye nyumba anataka ada ya maombi kwa kila mwombaji, na mtu mwenye rekodi mbaya ya mikopo ataomba nyumba nyingi kabla ya kukubaliwa, kila mara akilipa ada. Anataka dipoziti. Kampuni ya umeme haitamfungulia akaunti kwa sababu ana deni la zamani. Kitambulisho kimeibwa pamoja na begi. Karatasi ya kuachia jeshi, DD-214, imepotea, na bila hiyo ni vigumu kuthibitisha chochote. Karatasi hiyo hutolewa bure na hifadhi ya nyaraka za serikali, kwa hiyo msikubali kumlipia mtu kampuni inayotoza kuitafuta. Ila kwa wazee wa zamani kuna tatizo jingine: moto wa mwaka 1973 kwenye hifadhi hiyo kule St. Louis uliteketeza kumbukumbu za wanajeshi kati ya milioni 16 na 18, na kujenga upya faili la mtu huchukua muda na mtu wa kufuatilia.

Serikali ina programu nyingine, SSVF, inayopitisha fedha kwa mashirika ya mitaani na ambayo inaweza kulipa dipoziti au kodi iliyolimbikizwa. Inasaidia sana. Lakini ina masharti na karatasi zake, na mwenye nyumba hatasubiri wiki mbili wakati kuna mwombaji mwingine mwenye hundi mkononi leo.

Halafu inakuja siku ya ufunguo. Wanaohamisha watu kwa kujitolea wanaijua siku hii. Mtu anaingia kwenye nyumba tupu kabisa: zulia, kuta nyeupe, jokofu lisilo na kitu. Hana godoro, sufuria wala pazia la bafu. Taa ya sebuleni haipo kwa sababu nyumba nyingi za kupanga huku hazifungwi taa sebuleni, unategemewa kuleta ya kwako ya kusimama. Basi usiku wa kwanza anakaa gizani, sakafuni, katika kimya ambacho hajakizoea, na wapo wanaorudi nje kwa sababu nje angalau kuna wenzao. Dola 600 za godoro jipya, mashuka, sufuria mbili, taulo na taa ndizo zinazoamua kama zile dola 11,160 za serikali zitafanya kazi au zitapotea. Hapo ndipo mchango wetu mdogo una nguvu ya ajabu, na hapo ndipo ninapoangalia ninapochagua.

Shirika la kitaifa na shirika la mjini

Mashirika makubwa ya kitaifa yana faida za kweli. Yana wanasheria wa kuwapigania maveterani walionyimwa mafao, yana uwezo wa kujenga majengo mazima, na yanasikilizwa Washington. Yanatoa stakabadhi ya kodi ndani ya dakika moja. Kama mchango wenu ni wa watu waliotawanyika majimbo kumi, na hakuna mtu wa kufuatilia, shirika la kitaifa ni jibu la heshima.

Tatizo lake ni umbali. Dola 5,000 zenu zitaingia kwenye bahari ya mamilioni, na sehemu yake italipa barua na matangazo ya kutafuta mchangiaji mwingine. Mwaka 2016 Wounded Warrior Project, shirika lenye jina kubwa kuliko mengi, lilichunguzwa na vyombo vya habari kuhusu matumizi ya mikutano na safari, na viongozi wake wawili wa juu wakaondolewa Machi mwaka huo. Shirika lilibaki, likabadilisha uongozi, na linaendelea kusaidia majeruhi wengi. Nalitaja kwa sababu wachangiaji wengi walikuwa hawajawahi kufungua hesabu zake, ambazo zilikuwa wazi kwa kila mtu. Isitoshe, kazi yake kuu ni majeruhi wa vita vya baada ya 2001. Anayelala nje mjini kwenu anaweza kuwa mzee wa miaka 68 ambaye hakupigwa risasi popote. Shirika zuri la maveterani si lazima liwe shirika la maveterani wasio na makazi, na kamati nyingi hukosea hapo.

Wapo pia matapeli kabisa. Julai 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo ilitangaza hatua zaidi ya 100 dhidi ya watu na mashirika yaliyochangisha kwa uongo kwa jina la wanajeshi. Katika kesi moja ya Florida, FTC ilidai kwamba asilimia 95 ya kila mchango iliishia kwenye gharama za kuchangisha, utawala na mshahara wa mwanzilishi. Majina ya mashirika haya huundwa yafanane na ya mashirika halali, kwa hiyo jina tamu lisiwatoshe. Tafuteni namba yake ya kodi, EIN, kwenye orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kisha fungueni ripoti yake ya mwaka, Fomu 990, iliyo wazi kwa umma.

Shirika la mjini linalofanya kazi na vocha na SSVF lina sura tofauti. Mkurugenzi anapokea simu mwenyewe. Anajua ni wenye nyumba gani wanaokubali vocha. Anaweza kukuambia wiki hii wana watu wangapi wenye vocha waliokwama, na wamekwamia nini. Unaweza kumwambia pesa hizi ni za godoro na ada za maombi tu, akaandika hivyo. Udhaifu wake ni kwamba anategemea ruzuku chache, hesabu zake zinaweza kuchelewa, na mtu mmoja hodari akiondoka shirika linayumba. Ndiyo maana nasema kamati iende ofisini, ikae na mtu anayeshughulika na makazi, imuulize maswali. Ukiishi Houston kama mimi, hutakosa wa kumuuliza. Mwaka 2015 mji huu ulitangaza kwamba umejenga mfumo wa kumpatia kila veterani anayepatikana nje nyumba kwa haraka, kama New Orleans ilivyotangaza Januari ya mwaka huohuo, na siri yake haikuwa shirika moja kubwa. Mashirika mengi madogo yalikubali kutumia orodha moja ya majina badala ya kila moja kushika orodha yake.

Kwa kipimo cha mlango na ufunguo, shirika la mjini linashinda, mradi liwe kwenye orodha hiyo ya pamoja. Lisipokuwepo humo, ningelipita.

Siku ya huduma

Miji mingi hufanya siku inayoitwa Stand Down. Ya kwanza ilifanyika San Diego mwaka 1988, ikiandaliwa na maveterani wa vita vya Vietnam, ikachukua siku tatu kwenye mahema. Mtu anapata kinyozi, daktari wa meno, miwani, buti, begi la kulalia, na meza ya VA ya kujiandikisha matibabu. Jumuiya zetu huipenda kwa sababu tunaweza kushiriki kwa mikono: kupika, kugawa, kukaa na watu na kuwasikiliza. Na heshima ya kusikilizwa ni kitu kikubwa kwa mtu ambaye wapita njia humkwepa kila siku.

Ila kama ni pesa, muulizeni mwandaaji kama kuna meza ya sheria. Mwaka 1989, kwenye Stand Down ya San Diego, ilianza mahakama maalumu ya watu wasio na makazi, inayofuta faini ndogondogo na hati za kukamatwa kwa makosa kama kulala hadharani, mradi mtu athibitishe kwamba yuko kwenye programu ya kujirekebisha. Faini ya namna hiyo ikikaa miaka inamzuia mtu kupata leseni, kazi, na nyumba. Stand Down yenye meza hiyo, pamoja na ya vitambulisho, inastahili mchango wenu wa fedha. Isiyokuwa nayo, pelekeni sufuria za pilau na nguvu kazi, pesa ziende kwingine.

Kijiji cha nyumba ndogo

Kule Kansas City, Missouri, maveterani walioanzisha Veterans Community Project walijenga kijiji cha nyumba ndogo 49, kila moja ikiwa na kitanda, jiko na bafu lake. Mtu anakaa humo kwa muda huku akifuatiliwa, kisha anahamia nyumba ya kudumu. Na anapoondoka anachukua vyombo vya ndani. Nimeona wazo hili likipendwa sana na wachangiaji, na naelewa kwa nini: nyumba unaiona, unaipiga picha, unaweza kusema chumba kile tulikichangia sisi.

Nguvu yake halisi iko mahali pengine. Wanampokea yeyote aliyewahi kula kiapo cha jeshi, hata aliyeondolewa kwa cheti kibaya. Watu wa namna hiyo mara nyingi hunyimwa mafao na huduma za VA, na wengi waliharibu rekodi zao kwa ulevi au utoro uliotokana na yaleyale waliyoyaona vitani. Hapo serikali haifiki vizuri, na pesa ya hisani haina mbadala. Kama moyo wenu uko kwa waliosahaulika kabisa, hii ndiyo nafasi.

Kuanzisha kijiji kipya ni suala jingine. Linahitaji ardhi, kibali cha mji, majirani wasiopinga, na wafanyakazi wa kudumu kwa miaka. Changieni kilichosimama. Jumuiya ya watu 80 isianze kujenga.

Mtu mmoja mtandaoni

Hili ndilo linalotuvuta kuliko yote, kwa sababu tumelelewa hivyo: mtu ana shida, jina lake linatajwa, watu wanachanga, anapewa mkononi. Na mara nyingine ndilo sahihi. Kama ni mwanajumuiya mnayemjua, ametoka jeshini, ametengana na mkewe na analala kwenye gari lake maegeshoni, msisubiri shirika. Mlipieni chumba leo.

Kwa mtu msiyemjua, kumbukeni kilichotokea Novemba 2017. Wapenzi wawili wa New Jersey walieneza hadithi kwamba mwanajeshi wa zamani wa Marine asiye na makazi, huko Philadelphia, alimnunulia yule dada mafuta ya gari kwa dola 20 zake za mwisho. Watu wapatao 14,000 walichanga zaidi ya dola 400,000 kwenye GoFundMe, tovuti ya kuchangisha pesa. Hadithi ilikuwa ya kutunga. Fedha nyingi ziliishia kwenye gari, safari na kamari. Wote watatu walikiri makosa mahakamani na GoFundMe ikawarudishia wachangiaji pesa zao. Jambo linaloniuma ni kwamba yule bwana alikuwa kweli veterani na alikuwa kweli analala nje. Shida yake ilikuwa ya kweli, hadithi ndiyo ilikuwa ya uongo, na pesa nyingi namna ile hazikumweka ndani.

Hata bila utapeli kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ada: GoFundMe hapa Marekani hukata asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila mchango. Watu 100 wakitoa dola 50 kila mmoja, katika dola 5,000 zinakatwa 175. Si nyingi, lakini ni taa na mashuka ya mtu mmoja. Wa pili ni mbaya zaidi na wachache wanaujua. Veterani anayeishi kwa SSI, yaani posho ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Mkimwingizia dola 5,000 kwenye akaunti yake kwa furaha, mnaweza kumkatia kipato chake cha kila mwezi, na pensheni ya VA ya wenye kipato cha chini nayo huangalia mali za mtu. Kwa hiyo kabla hamjamkabidhi mtu fedha taslimu, muulizeni ofisa wake wa VA njia isiyomdhuru. Na mchango kwa mtu binafsi hauna nafuu ya kodi kwa mchangiaji.

Kwa walio Uingereza

Huko mpangilio ni tofauti, na chaguo langu lingebadilika. Royal British Legion, lililoanzishwa 1921, ndilo lenye ua jekundu la Novemba. SSAFA ni la mwaka 1885 na lina wahudumu wa kujitolea wanaomfikia mtu nyumbani. Stoll huko London limekuwa likiwapa maveterani nyumba tangu 1916, na Veterans Aid limekuwa likiwatoa watu mitaani tangu 1932. Tangu 2023 kuna Op FORTITUDE, mlango mmoja wa kitaifa ambao asiye na makazi anapokelewa na kuelekezwa kwenye nyumba yenye msaada.

Kundi linalotuhusu huko ni askari wa Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwemo. Anatumikia miaka, anatoka jeshini, na siku hiyohiyo anakuwa mhamiaji. Asipokuwa na kibali cha kukaa hawezi kufanya kazi, hawezi kupanga nyumba, wala hapati msaada wa serikali. Kabla ya Aprili 2022 ada ya ukaazi wa kudumu ilikuwa pauni 2,389 kwa kila mtu. Mwezi huo waliotumikia miaka 6 walisamehewa, lakini mke na watoto waliendelea kulipa, na aliyetoka kabla ya miaka hiyo kwa kawaida hakusamehewa. Kwa mtu huyo mlango hauzuiwi na godoro, unazuiwa na karatasi ya uhamiaji. Kwa hiyo Uingereza ningetafuta shirika linalolipia wanasheria wa uhamiaji wa maveterani, na ningeandika kusudi hilo kwenye barua. Kama mnalipa kodi ya mapato, jazeni fomu ya Gift Aid: kila pauni inaongezewa peni 25 na serikali. Na kagueni namba ya usajili kwa Charity Commission.

Namna ya kukusanya

Hapa nitapita haraka. Chakula cha jioni chenye ukumbi, DJ na MC huleta watu na furaha, lakini kodi ya ukumbi hula mapato, na mchangiaji hupata nafuu ya kodi kwa kile tu kinachozidi thamani ya chakula alichokula. Tikiti ikizidi dola 75, shirika lazima limwandikie mchangiaji thamani hiyo. Sadaka maalumu ya Jumapili moja au changizo baada ya swala ya Ijumaa haina gharama karibu yoyote. Matembezi ya pamoja bustanini ni nafuu na watoto hushiriki.

Lililo bora kuliko hayo yote ni kuwapa watu kiungo cha ukurasa wa shirika lenyewe, kila mtu alipe moja kwa moja, mweka hazina ahesabu tu. Pesa zikipita kwenye akaunti ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu namna gani, maneno huja baadaye. Tena jumuiya isiyosajiliwa kama 501(c)(3), yaani shirika la hisani linalotambuliwa na IRS, haiwezi kutoa stakabadhi za kodi, na majimbo mengi yanataka anayechangisha hadharani ajiandikishe. Mchango wa dola 250 na kuendelea unahitaji barua ya shirika. Halafu kila mmoja aulize ofisini kwake kama mwajiri huongeza mchango wa mfanyakazi, maana kampuni nyingi huku, hospitali zikiwemo, hufanya hivyo na pesa hubaki bila kuombwa.

Andikeni kusudi. Mwaka 1888 mamia ya ekari huko Los Angeles yalitolewa kwa ajili ya makazi ya askari walemavu. Miaka ikapita, sehemu zikapangishwa kwa wengine, hadi uwanja wa besiboli wa chuo kikuu ukakaa humo huku maveterani wakilala kwenye mahema nje ya uzio. Septemba 2024 jaji wa shirikisho aliiamuru VA ijenge nyumba zaidi ya 2,000 pale. Ilibidi waende mahakamani kudai kitu walichokuwa wamepewa zaidi ya karne moja nyuma. Mchango wenu ni mdogo, lakini mstari mmoja kwenye barua, "kwa samani na ada za kuhamia za maveterani wenye vocha", na kuomba ripoti baada ya miezi sita, kunatosha kuulinda.

Ningepeleka wapi dola 5,000

Kwa jumuiya ya mji mmoja wa Marekani: dola 4,000 kwa shirika la mjini lililo kwenye orodha ya pamoja, kwa masharti niliyoyataja, na 1,000 kwa meza ya sheria ya Stand Down kama ipo. Kwa waliotawanyika: shirika la kitaifa ambalo Fomu 990 yake mmeisoma na ambalo makazi ni kazi yake kuu. Kwa anayewafikiria walioondolewa jeshini vibaya: kijiji cha Kansas City au kinachofanana nacho. Kwa mtu mmoja: yule tu mnayemjua, na mlipe mwenye nyumba badala ya kumpa fedha mkononi.

Ipo njia moja zaidi ambayo kamati haziitaji kamwe. Wengi wetu sasa tuna nyumba za kupangisha. Mji unaweza kuwa na vocha na ukakosa wenye nyumba wa kuzipokea. Ukikubali mpangaji wa HUD-VASH, nyumba inakaguliwa kwanza, kisha mamlaka ya nyumba inakulipa sehemu yake moja kwa moja kila mwezi, na mpangaji ana ofisa wa VA unayeweza kumpigia simu kukiwa na tatizo. Utapata kodi yako, na mtu mmoja atatoka kwenye ile hesabu ya Januari. Kwa anayemiliki hata nyumba moja, hili linapita hundi yoyote atakayoiandika.

Na kama wewe unayesoma ndiye uliyevaa sare na sasa huna pa kulala, au unaona kodi inakushinda na barua ya kufukuzwa iko njiani, piga 877-424-3838. Ni simu ya VA ya maveterani wasio na makazi, ni bure, inapokelewa usiku na mchana, na ndugu au rafiki anaweza kukupigia. Huna haja ya kuwa na DD-214 mkononi ili upige.